Nani Kagusa Tanki Langu?

Jumanne, 28 Machi

Kuna mtu ameingiza mkono kwenye sanduku langu. Sina ushahidi bado. Lakini najua.

Jioni hii klabuni nimefungua kabati, nimetoa kielelezo changu cha lori la maziwa na sanduku la vitofali vyeupe vya plastiki, vile vya kupachikana. Vipya kabisa! Pakiti nilizifungua mwenyewe mwezi wa Januari, hapa hapa mezani nyumbani, mke wangu Vibeke shahidi. Vyeupe pe. Leo nimebana kile kioo changu kipya cha kukuzia, cha fundi saa, kwenye jicho la kulia, nikaanza kukagua kimoja kimoja kabla ya kupachika. Cha kwanza – manjano. Cha pili – manjano. Cha tatu, cha nne, cha kumi! Manjano ya meno ya mvuta kiko.

Vitofali vya plastiki hufanya hivyo vikikaa dirishani kwa bibi ya mtu miaka ishirini, jua linavipiga kila siku. Vyangu vina miezi mitatu, na vimelala kabatini, gizani, kwenye boksi lenye mfuniko. Haiwezekani. Mtu amechukua vyangu vipya akaniwekea vikuukuu.

Nimemwuliza Gudrun, mwenyekiti wetu, nani ana ufunguo wa kabati. Kasema funguo ni mbili tu. Mmoja anao yeye. Wa pili anao rafiki yangu Torkild.

Torkild!

Nimekaa nikajenga safu mbili za ubavu wa kushoto wa tanki huku namtazama kwa pembeni. Alikuwa anapiga mluzi. Mtu mwenye dhamiri safi hapigi mluzi namna ile.

Jumatano, 29 Machi

Zamu ya saa kumi alfajiri, kukusanya maziwa. Mashamba kumi na moja. Kwa yule mwenye ng'ombe wekundu wamesogeza nguzo ya geti! Miaka kumi na tisa napita pale na lori namba kumi na nne, kioo cha kulia hakijawahi kugusa kitu. Leo kimekwaruza. Nimemwambia, umesogeza nguzo. Kacheka. "Nguzo ya zege, Ebbe? Niing'oe niipeleke wapi?" Watu wa hivyo huwezi kuwaamini.

Na taa za magari ya siku hizi! Wanakuja wamewasha kama wanatafuta sindano. Makusudi kabisa.

Niandike kuhusu mambo ya maana. Mwezi wa Juni kampuni yetu ya maziwa inatimiza miaka mia. Kresten, mkuu wetu sisi madereva, atakuja kwenye maonyesho ya klabu tarehe 29 Aprili kuchagua lori moja la vitofali. Litawekwa kwenye kabati la kioo pale mlango mkuu, moja kwa moja, na jina la mjenzi chini yake. Wenye lori la kueleweka ni wawili tu. Mimi, na lori langu namba kumi na nne, tanki na mpira wa kunyonyea maziwa na kila kitu. Na Torkild, na lori la zamani la kubebea madebe ya maziwa, la enzi za baba yake.

Tanki ndilo shughuli. Tanki la kweli si duara, ni yai lililolala. Hakuna mtu huku kwetu Jutland aliyewahi kulijenga bila mianya, nathubutu kusema. La kwanza langu lilitoka kama beseni la kuogea. La pili kama mkate wa shayiri. La tatu lilikuwa zuri, nikalinyanyua, likafunguka tumbo lote mezani, watu wakacheka. Hili la nne vitofali vya mteremko nimevilaza ubavu, mgongo kwa mgongo, juu ya uti wa vibamba vya kijivu. Linashika! Unaweza kulinyanyua kwa mkono mmoja.

Torkild aliliona likishika. Alisema, "Hapo umenipiga bao, bwana." Nilidhani ananipongeza.

Jumamosi, 1 Aprili

Jumanne nilichukua vitofali arobaini nikaja navyo nyumbani. Nimevitumbukiza kwenye chupa yenye dawa ya kupaushia nywele, nimeweka chupa dirishani juani. Hii njia kila mjenzi anaijua. Siku tatu nne, manjano yote yanatoka.

Vibeke kaniuliza unafua nini. Nimemwambia. Kainua chupa, kaitazama, kanitazama. "Hivi si vyeupe hivi?" Nimemwambia, wewe huna jicho la kazi hii, mke wangu.

Halafu shati langu la kazi. Nalo halijatakata vizuri. Nadhani amebadilisha sabuni, amenunua ile ya bei poa, hataki kusema. Kasema shati ni jeupe. Kila kitu kwake siku hizi ni cheupe.

Jumanne, 4 Aprili

Leo ilikuwa raundi ya dosari. Klabuni kwetu husifiwi. Unaweka kazi yako katikati ya meza, kila mmoja anataja dosari moja, wewe unasikiliza umefunga mdomo, basi. Ndivyo tulivyopanga mimi na Torkild na Gudrun tulipoanzisha klabu, miaka kumi na saba iliyopita, na ndiyo maana kazi zetu ni nzuri kuliko za wengine.

Gudrun kasema kioo cha mbele cha kabini kimesimama mno. Sawa, ni kweli. Torkild kainama, kazunguka lori polepole, kasema: "Chasisi yako ina kijivu cha aina mbili, Ebbe."

Aina mbili! Kiwanda kilibadilisha kijivu zamani, karibu miaka ishirini sasa. Cha kale kina joto kidogo, kipya kinaelekea bluu. Anayeanza tu ndiye anayevichanganya. Mimi? Mimi nina kijivu cha kale kilo tatu nyumbani! Nimevitenganisha kwa mkono wangu! Nimekodolea chasisi macho mpaka yakatoa machozi, nikaona kijivu kimoja. Wote mezani wakasema viwili. Basi nikaelewa. Ameingia na kwenye chasisi. Kabadilisha, kisha kajitia kuwa ndiye aliyegundua!

Tena kwa upole. "Labda taa ya humu ndani, bwana." Labda taa! Mnafiki mkubwa.

Nimeweka mtego. Kabla ya kufunga kabati nimechukua vitofali vyeupe mia moja, kila kimoja nimekitia nukta ya penseli ndani, kule chini ambako hakuna anayetazama. Nimerudisha sandukuni. Jumanne ijayo tutaonana.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili

Siku sita ndani ya dawa. Nimevitoa, nimevisuuza, nimebana kioo jichoni. Bado manjano. Haijawahi kutokea. Labda si plastiki ya kawaida. Labda kavipaka kitu.

Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili

Torkild amekuja kula, kama kila mwaka. Sikuweza kumkatalia, Vibeke angeuliza kwa nini. Tangu mkewe Inger afariki hana mtu. Jumanne yuko klabuni, siku nyingine yuko gereji kwake anapanga vitofali kwenye mikebe ya skrubu. Zamani nilikuwa namwonea huruma. Mtu huyu aliniletea lori barafuni usiku wa mwaka mpya breki ziliponigandia – alikuwa fundi wetu hadi alipostaafu. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mtu baki nisingejali hivi.

Tumekula samaki wa siki, mayai, mkate wa shayiri. Nikamimina snapsi, ile pombe kali ya sikukuu. Sijui ilikuwaje, yote imemwagika pembeni ya glasi, kitambaa cha meza chapa! Nina hakika glasi ilikuwa karibu zaidi. Amesukuma glasi. Nimecheka kidogo, nikamimina tena. Pembeni tena.

Torkild hakucheka. Alikuwa anatania sana tangu afike, akamtania Vibeke kuhusu kofia yake – ghafla kimya, kama maji mtungini. Kanitazama usoni muda mrefu. Kisha kauliza: "Lori linaendaje barabarani siku hizi, Ebbe?" Nikajibu linaenda vizuri kuliko lilipokuwa mikononi mwako. Kasema, "Sawa, sawa," kachukua chupa, kamimina mwenyewe.

Alipoondoka walizungumza na Vibeke getini. Dakika saba. Nimehesabu.

Jumanne, 11 Aprili

Siamini. SIAMINI.

Gudrun amenifungulia kabati, nimefungua sanduku kabla wengine hawajafika. Kioo jichoni. Vyote mia moja ni manjano. Nikavigeuza kuangalia nukta – zipo! Nukta zote mia, pale pale nilipozitia!

Nimekaa kitini kama robo saa. Kisha nimeelewa. Amegundua mtego. Kapata wapi muda, sijui, lakini ameketi akanakili nukta mia moja kwa penseli kwenye vitofali vyake vibovu. Kwa ajili yangu! Chuki ya namna gani hii? Mstaafu, hana kazi, ana siku nzima. Anaweza.

Kanuni ya nne ya klabu: atakayebadilisha vitofali vya mwenziwe anatoka, na harudi. Torkild ndiye aliyeiandika. Kwa mwandiko wake. Jumanne ijayo ni mkutano mkuu wa mwaka na nimemwomba Gudrun aniwekee nafasi chini ya "mengineyo". Kauliza ni kuhusu nini. Nimesema, utasikia.

Alhamisi, 13 Aprili

Vibeke anataka niende kupimwa "mwili mzima". Ghafla tu. Nimeuliza nani amekwambia. Hakuna, kasema. Nimemwuliza mlizungumza nini na Torkild getini siku ya Pasaka. Kasema: "Aliniuliza kama unaendelea vizuri. Ebbe, mume wangu, rafiki yako anakuulizia hali na wewe unapima kwa saa?"

Sasa naona. Anataka ionekane nina kichaa. Nikimshtaki, atasema, mwacheni, Ebbe hayuko sawa, hata mkewe ana wasiwasi. Hodari!

Jumanne, 18 Aprili

Imekwisha. Nimeshinda. Niandike kabla sijalala, kila kitu.

Tulikuwa kumi na wawili. Kresten naye alikuja, maana kampuni ndiyo inayolipia ukumbi wa maonyesho, na nakala ya muhtasari huwa inakwenda kwake. Kahawa, keki ya lozi ya Gudrun, ripoti ya mweka hazina, kura za mikono. Mimi sikumeza kitu. "Mengineyo" ilipofika Kresten alikuwa jikoni anajaza chupa ya kahawa, nikasikitika kidogo, nilitaka asikie tangu mwanzo. Lakini nikasimama.

Nimesema yote. Januari, pakiti, kabati, ufunguo, chasisi, nukta. Nimelitaja jina. Nikamwaga vitofali mia moja juu ya meza, pwaa! Nikavua kioo nikakiweka katikati, nikasema: "Msiniamini mimi. Tazameni wenyewe."

Gudrun alinyoosha mkono achukue kimoja, Torkild kamtangulia. Kachukua kioo, kakibana jichoni, kakagua kitofali. Akakivua. Kanitazama mimi, si kitofali. Nilitegemea ubishi. Nilikuwa nimejiandalia majibu sita! Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Ndipo Kresten akatoka jikoni na chupa yake. "Kuna nini hapo, wazee? Nami nione."

Torkild kavikusanya vitofali vyote kwa viganja viwili, haraka haraka, kavirudisha sandukuni, kafunika. Kasema: "Ni mimi. Nilivibadilisha."

Gudrun: "Torkild, unasema nini wewe?"

"Nimeshasema. Andika."

"Lakini hivi mbona –"

"Andika, Gudrun! Kanuni ya nne niliiandika mwenyewe, naijua."

Kavaa koti. Kaweka ufunguo wa kabati mezani. Akanipa sanduku langu mkononi, taratibu, kasema: "Nenda navyo nyumbani, bwana. Usiviache hapa." Akatoka. Lori lake la madebe limebaki rafuni.

Nilitegemea nitafurahi. Nimefurahi. Haki imetendeka. Ila nilipokaa hakuna aliyenipa mkono. Keki ilibaki nusu nzima. Kresten tu ndiye aliyeniambia, "Pole Ebbe, sikutegemea kwa yule mzee."

Jumatano, 19 Aprili

Torkild amepiga simu mara tatu. Sijapokea. Anataka kuomba msamaha. Akae nao kidogo.

Saa tisa kaja mwenyewe. Nimeona baiskeli yake nikamwambia Vibeke aseme sipo. Vibeke kanijibu kwamba yeye hasemi uongo kwa niaba ya mtu, akaenda sokoni. Basi nimekaa nyuma ya pazia kwenye nyumba yangu mwenyewe, nimebana pumzi kama mwizi, mpaka akaondoka.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kwa nini alikiri? Hakuna mwingine aliyekuwa amevikagua. Angeweza kukana. Torkild! Mtu anayeweza kubishana saa mbili kuhusu upana wa tairi! Kuna kitu nyuma yake. Kuna mchezo mkubwa zaidi. Labda Gudrun naye yumo – alitaka kusema nini pale, "hivi mbona"? Mbona nini?

Alhamisi, 20 Aprili

Nimegonga.

Kwa wale wa bondeni, shamba la nane, ukungu umetanda uani. Narudi nyuma kufikia bomba. Nimetazama kioo cha kulia – uwanja mtupu, naapa. Kisha krrraa! Kibanda cha ndama, kimoja cha vile vyeupe vya plastiki, nimekipasua katikati kama ganda la yai. Ndama alikuwa nje kwenye kamba. Amerukaruka tu, hana kitu.

Mwenye shamba ni msichana wa miaka ishirini na kitu, amerithi juzi juzi. Hakunifokea. Kashika kichwa. Kasema, "Hapo ndipo mama huwa anaegesha kiti chake asubuhi akinywa kahawa." Mama yake anatembelea kiti cha magurudumu. Leo alikuwa na mafua, hakutoka.

Nilitaka kumwambia, nyinyi mmesogeza kibanda. Neno lilifika ulimini. Sikulitoa.

Kresten nimemwambia ukungu. Kasema hutokea, Ebbe, wewe ni mtu wangu wa kutegemewa.

Ijumaa, 21 Aprili

Kadi kwenye sanduku la barua. Haina stempu, kaileta mwenyewe. Picha ya trekta. Nyuma, mwandiko ule ule wa kanuni ya nne:

"Ebbe. Bana kioo kwenye jicho la kushoto. Mimi sitasema kwa mtu. Utasema mwenyewe, na usikawie. T."

Nini hii? Vitisho? Nitasema nini? Nimeitupa kwenye kapu la takataka. Anataka kunipiga changa la macho hata baada ya kufukuzwa.

Nimeitoa kwenye kapu. Ipo hapa.

Jumamosi, 22 Aprili

Nilingoja Vibeke aende kwa dada yake. Saa tano asubuhi, jua kali dirishani. Nimemwaga vitofali mezani. Kioo, jicho la kulia kama siku zote: manjano. Nikakivua. Nikakibana jicho la kushoto, kilinikataa kidogo, hakijazoea kukaa huko.

Cheupe.

Nikakirudisha kulia. Manjano. Kushoto. Cheupe pe, kama Januari. Nimefanya hivyo na vitofali thelathini. Nimefanya na sukari. Nimefanya na shati langu, na ukuta, na mkono wa Vibeke kwenye picha yetu ya harusi. Nimechukua vijivu vyangu vya nyumbani, jicho la kushoto peke yake – viwili! Kijivu cha kale na kipya vimechanganyika, basi na chasisi nzima hivyo hivyo, na aliyevichanganya ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, mjinga mkubwa mimi!

Kisha nimesimama mlangoni nikafumba la kushoto, nikatazama barabara kwa la kulia. Nilifikiri kuna ukungu. Hakukuwa na ukungu.

Hakuna aliyegusa tanki langu. Hakuna aliyenakili nukta. Aliona kitofali cheupe mkononi, akamwona Kresten anakuja, akajua ndani ya sekunde mbili kwamba vitofali vile vikitazamwa na mtu mwingine yeyote, lori namba kumi na nne si langu tena. Akavifunika. Miaka kumi na saba ya klabu akaiweka mezani na ufunguo.

Vibeke aliporudi nilikuwa bado mlangoni. Sikuhitaji kumwambia sana. Kasema mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, wakamfanyia upasuaji nusu saa tu, akasoma gazeti mpaka alipokufa. "Ningekwambia mapema, Ebbe, lakini wewe kila neno unalipekua kama forodha." Akalia, nami nikalia.

Nusu saa, sawa. Lakini foleni ni miezi. Na mwezi wa Septemba natimiza sitini na tatu, na Kresten ana vijana wanne wanaosubiri lori. Akichukua funguo hatanirudishia. Hilo nalijua. Mwenyewe ningefanya vile vile.

Na bado – niandike ukweli, hakuna anayesoma – bado kuna sauti ndogo ndani inauliza: kafanya kwa wema, au kafanya ili niwe mdogo wake mpaka kufa? Ona nilivyo!

Jumapili, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Torkild, Vibeke kaendesha. Gereji ilikuwa wazi. Mikebe yote ya skrubu imeshushwa kwenye rafu, anavifunga vitofali kwenye maboksi ya ndizi. Kila boksi limeandikwa rangi yake. Anampa mpwa wake, kasema. "Nitafanya navyo nini sasa?"

Nimesema nisamehe. Kasema, "Umeenda kwa daktari?" Nimesema kesho kutwa. Kasema, "Na kesho?" Kesho nina zamu. Akaendelea kufunga boksi. Nikamsaidia kushika kamba. Hakunikatalia, hakuniambia karibu. Nilipokuwa natoka kasema: "Nimesikia umegonga kwa binti wa bondeni. Nimejilaumu, bwana. Nilikupa siku mbili, ningekupa dakika mbili."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Anajilaumu yeye.

Nimempigia Gudrun. Nimemwambia afute, Torkild hakufanya kitu, arudi, lori lake liwe mezani Jumamosi. Gudrun kashusha pumzi. Kasema alijua. Aliokota kitofali kimoja sakafuni baada ya mkutano, cheupe kama maziwa, tangu hapo hajalala vizuri. Lakini muhtasari umeshaandikwa, Ebbe, umesainiwa. Kubadilisha lazima sababu iandikwe, na nakala iende kwa Kresten, unajua utaratibu. "Niandike sababu gani? Niambie wewe. Sitaandika neno ambalo hukulisema."

Nimesema nitamletea kwa maandishi jioni hii. Basi nijaribu hapa kwanza.

Torkild Bech hakubadilisha vitofali vya mtu. Palitokea kutoelewana –

Hapana. Kutoelewana kitu gani.

Torkild Bech hakubadilisha vitofali vya mtu. Alisema amebadilisha kwa sababu ya urafiki –

Kresten atauliza urafiki unahusiana nini na vitofali. Yule si mjinga.

Torkild Bech hakubadilisha vitofali vya mtu. Vitofali vilikuwa vyeupe tangu mwanzo. Mimi, Ebbe Nørlund, dereva wa lori namba kumi na nne, niliviona manjano kwa sababu jicho langu la kulia

Simu. Nilidhani Gudrun. Si Gudrun – Kresten. Jumapili hupiga saa hizi kuthibitisha zamu za kesho, kila wiki, miaka yote. Nasema "saa kumi, kama kawaida," naye anasema "safi," basi, sekunde tano.

Inalia. Vibeke ameisogeza karibu na mkono wangu. Amevuta kiti, amekaa.